Yaliyochujwa au Yaliyosafishwa: Unalipia Nini Kwenye Dumu la Alizeti la Singida

Barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Mwanza ikishapita Manyoni na kuingia Ikungi, mafuta ya alizeti yanaanza kuuzwa pembeni mwa lami: madumu ya lita 20 chini, ya lita 5 juu ya meza, na chupa za maji zilizojazwa mafuta mbele kabisa ili abiria aone rangi. Ukifika Singida mjini, ukaingia kwenye duka la jumla, unayakuta mafuta ya mmea uleule yakiwa kwenye ndoo zenye lebo na muhuri, na bei yake imepanda. Lebo za dukani zimeandikwa "refined", nyingine "double refined". Yale ya barabarani, kama yana lebo, yameandikwa "filtered". Maneno hayo mawili ya Kiingereza yanabeba tofauti ya bei ambayo kwa familia ya kawaida ni pesa ya kuhesabika kwa mwaka, na wanunuzi wengi tunayasoma kama madaraja ya hoteli: la kwanza la chini, la pili la juu, na lenye "double" la juu zaidi.

Hayako hivyo. Yanataja kazi mbili tofauti zilizofanywa kwenye mafuta. Bei inayoongezeka inalipia kazi, na swali la mnunuzi ni kama kazi hiyo anaihitaji.

Tuanze na "filtered", yaani yaliyochujwa. Mbegu hupepetwa, hupashwa moto kidogo ili mafuta yalegee, kisha huingia kwenye mashine ya kukamua ambayo ndani yake kuna skrubu nene inayozisukuma na kuzibana. Mafuta hutoka upande mmoja, mashudu upande mwingine. Mafuta yanayotoka hapo ni ya giza na yana mashapo, kwa hiyo huachwa yatulie kwenye pipa au tangi, halafu husukumwa kupitia vitambaa vya kuchujia vilivyobanwa kwenye fremu. Basi. Hakuna kilichoongezwa, na kilichoondolewa ni vile vitu tu ambavyo kitambaa kinaweza kuvishika. Kazi hii hufanywa na mashine ndogo zilizotapakaa Singida mjini, Ikungi, Kiomboi na vijiji vingi vya Iramba na Mkalama, nyingi zikiwa za wajasiriamali waliopita mikononi mwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo.

"Refined", yaliyosafishwa, huanza palepale lakini hayaishii kwenye kitambaa. Ndani ya mafuta yaliyochujwa kuna vitu vilivyoyeyuka ambavyo hakuna chujio la kuvinasa: gundi za asili za mbegu, asidi huru zilizotokana na mafuta kuanza kuvunjika, rangi, nta kutoka kwenye maganda, na harufu. Kiwanda huondoa kimoja baada ya kingine. Gundi hutolewa kwa maji au asidi hafifu. Asidi huru huuawa kwa kostiki soda, ikageuka aina ya sabuni inayooshwa ikaondoka. Rangi hunyonywa na udongo maalumu. Nta hugandishwa kwa ubaridi ikachujwa. Mwisho mafuta hupitishiwa mvuke kwenye joto linalozidi nyuzi 200 ndani ya chombo kisicho na hewa, na harufu huondoka na mvuke huo. Mitambo ya namna hii inahitaji mtaji mkubwa, maji, umeme na boila, ndiyo maana inamilikiwa na viwanda vikubwa kama Mount Meru Millers, walio na kiwanda hapo Singida, huku mashine za kuchuja zikiwa nyingi mitaani.

Kuna jambo moja la viwanda vikubwa ambalo lebo hailisemi. Mashudu yanayotoka kwenye mashine ndogo bado yana mafuta. Mwenye mtambo mkubwa anaweza kuyaosha kwa kimiminika kiitwacho heksani na kupata karibu yote yaliyobaki. Mafuta hayo lazima yasafishwe kabla ya kuliwa. Kwa hiyo ndani ya chupa ya "refined" yanaweza kuwemo ya kukamuliwa na ya kuoshwa kwa heksani, na yote yakawa halali na salama. Yaliyochujwa tu hayawezi kuwa ya heksani.

Sasa tazama jinsi soko linavyocheza. Kanuni za kimataifa za Codex kuhusu mafuta ya mimea zinayatambua mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine na joto pekee, yakasafishwa kwa kuoshwa na maji, kutulizwa na kuchujwa tu, na kuyaita "virgin". Ni neno lilelile unalolikuta kwenye chupa ndogo za mafuta ya zeituni katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, na huko ndiko bei inakopaa. Kwa zeituni, yaliyosafishwa kiwandani ndiyo ya bei ya chini. Kwa alizeti ya Singida ni kinyume: yaliyokamuliwa na kuchujwa yanakaa juani pembeni mwa barabara kwa bei ya chini, na yaliyosafishwa yanakaa kwenye rafu. Sidhani kama mkamuaji wa Ikungi amewahi kuambiwa kwamba anauza kitu ambacho Mwitaliano angekiwekea kizibo cha dhahabu. Ila tusimpambe kupita kiasi. Mwenye mafuta mazuri ya zeituni hupima kila shehena, wakati wakamuaji wetu wengi hawapimi kitu.

Na vipimo ndivyo vinavyoonyesha gharama ya kutosafisha. Codex inaruhusu kiwango cha asidi hadi 0.6 kwa mafuta yaliyosafishwa, na hadi 4.0 kwa yaliyokamuliwa tu. Pengo hilo ni uhuru aliopewa mkamuaji, na pia ni nafasi ya yeye kuharibu. Mbegu zilizonyeshewa, zilizorundikwa zikiwa mbichi au zilizokaa ghalani msimu mzima hutoa mafuta yenye asidi nyingi. Kiwanda kitaisafisha. Chujio la kitambaa halitaigusa, na mnunuzi ataipata kama ukakasi kooni. Liko pia suala la sumukuvu: watafiti walichapisha mwaka 2017 matokeo ya sampuli za mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo wa Tanzania, na sumu hiyo ilikutwa humo. Sehemu kubwa yake hubaki kwenye mashudu, na usafishaji kwa kostiki hupunguza ile inayoponyoka kuingia kwenye mafuta. Aliyechuja tu anategemea ubora wa mbegu yake na si kingine. Kwa hiyo ukinunua yaliyochujwa, unamnunua mkamuaji: mjue, ujue anapokea mbegu za namna gani, na utazame ghala lake kabla ya kutazama rangi ya mafuta.

Upande wa pili wa mizani, usafishaji haubagui sana. Pamoja na asidi na harufu, sehemu ya vitamini E ambayo alizeti inasifika nayo huondoka pia, na ladha ya mbegu huondoka yote. Wanaopenda mchicha au mlenda uliopikwa kwa alizeti ya kukamua wanajua ninachosema. Mafuta yaliyosafishwa ya alizeti, ya soya na ya mawese, ukifumba macho, yanakaribia kuwa kitu kimoja.

Vitamini A ni hadithi nyingine, na hapa watu hujichanganya. Alizeti kwa asili haina vitamini A ya kuhesabika, iwe imechujwa au imesafishwa. Ile unayoiona kwenye lebo imeongezwa, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ya kula. Viwanda vikubwa ndivyo vinavyoweza kuifanya kazi hiyo kwa urahisi. Uliwahi kuwapo mradi wa kuwawezesha wakamuaji wadogo wa Manyara na Shinyanga kuongeza vitamini A kwenye alizeti yao, lakini dumu la barabarani Singida usilihesabie hiyo. Nyumba yenye watoto wadogo wanaokula mboga za majani na maembe kwa nadra inayo sababu halisi ya kulipia ndoo yenye lebo, na sababu hiyo ni nzito kuliko neno "refined" lenyewe.

Ama maandishi "cholesterol free" yanayopamba nusu ya lebo zote, yasikutoe hata shilingi kumi. Kolesteroli ni ya wanyama, na mafuta ya mbegu yoyote hayana kiasi cha maana. Hata dumu lisilo na lebo lingeweza kuandikwa hivyo.

Tofauti kubwa ya matumizi iko jikoni, kwenye moto. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huvumilia joto hadi karibu nyuzi 230 kabla ya kuanza kutoa moshi. Yasiyosafishwa huanza mapema sana, na gundi iliyobaki ndani yake hutoa povu linaloweza kufurika karai. Kaanga chipsi, samaki au maandazi kwa mafuta ya kuchujwa na utaona: povu, moshi, mafuta kuwa meusi baada ya mikaango michache, na mengi kumwagwa kabla ya wakati. Lita uliyoinunua kwa bei nafuu imeisha upesi. Ndiyo maana wauza chipsi hawayataki, na kusema kweli wengi wao hawataki alizeti ya aina yoyote, wanatumia mawese yaliyosafishwa ambayo ni nafuu na huvumilia karai la kutwa nzima. Lakini kwa kuunga mboga, kupikia wali, kutia kwenye maharage, joto halifiki huko, na hakuna sababu ya kulipia uvumilivu usioutumia.

Tupige hesabu kwa bei za mfano, maana bei halisi hubadilika kila msimu. Tuseme ya kuchujwa ni shilingi 5,000 kwa lita na ya kusafishwa ni 6,500. Familia inayotumia lita 4 kwa mwezi italipa 20,000 kwa ya kwanza na 26,000 kwa ya pili. Tofauti ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Ikiwa lita 3 kati ya hizo ni za mboga na lita 1 ya kukaangia, ukichanganya aina mbili unalipa 21,500 kwa mwezi. Unabaki na 54,000 zaidi kwa mwaka kuliko aliyenunua zote za kusafishwa, na karai lako halitoi povu. Badilisha namba kwa bei ya siku unayonunua, uwiano hautakwenda mbali.

Na "double refined"? Hapa ndipo mimi huweka pochi mfukoni. Hatua nilizozitaja hapo juu ndizo zinazoyafanya mafuta yawe yamesafishwa. Zikikamilika, mafuta yanakidhi kiwango, na Codex inaweka kikomo kimoja tu kwa yaliyosafishwa bila kuwapo kingine cha yaliyosafishwa "mara mbili". Kiwanda kinaweza kuwa kimerudia hatua fulani, au kimeamua tu kwamba neno linapendeza. Ukiuliza dukani, mazungumzo huwa hivi:

"Dada, haya dabo yanazidi nini yale?"

"Haya ni masafi zaidi, kaka. Angalia mwenyewe yanavyong'aa."

Mng'ao ni kazi ya udongo na ubaridi, na ndoo ya pembeni yake iliyoandikwa "refined" tu imepitia hivyohivyo. Ndoo mbili zikiwa na alama ya shirika la viwango, TBS, mmea mmoja na tarehe zinazokaribiana, chukua ya bei ya chini. Soma pia aina ya mafuta kwa maandishi madogo: ndoo yenye picha ya ua la alizeti inaweza kuwa na maneno "mafuta ya kupikia" bila kutaja alizeti popote, na hapo ujue umeshika kitu kingine.

Kwa yale yasiyo na lebo, hofu ya mnunuzi ni kuchanganyiwa na mawese, hasa bei ya alizeti inapopanda. Ukiwa na jokofu, weka kikombe kimoja ndani usiku kucha. Alizeti hubaki maji. Inaweza kupata ukungu mwembamba au utando chini, ambao ni ile nta ya maganda, na hilo hutokea hata nje ya jokofu katika baridi ya Juni na Julai, kwani mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Wanunuzi wa Dar es Salaam hurudisha mafuta mazuri kwa sababu ya ukungu huo. Yaliyochanganywa na mawese mengi hufanya uji mzito mweupe au huganda. Kuwa na wasiwasi na huo uji, ukungu uache.

Jambo linalowagharimu watu wengi kuliko lebo zote ni kipimo. Mafuta huuzwa kwa lita na kwa kilo, na madumu hayasemi kila mara ni lipi. Lita moja ya alizeti ina uzito wa karibu kilo 0.92. Dumu la kilo 5 basi lina lita 5.4 na ushee, na la lita 5 lina kilo 4.6. Wauzaji wawili wakikutajia shilingi 27,000 kwa "dumu la tano", aliyepima kwa lita anakuuzia lita moja kwa 5,400, na aliyepima kwa kilo anakuuzia kwa chini kidogo ya 5,000. Hiyo ni tofauti inayokaribia theluthi moja ya pengo la bei ya kuchujwa na kusafishwa katika mfano wetu, na imetoka kwenye swali moja ambalo hukuuliza. Uliza "ni lita au kilo?" kabla ya kuuliza bei. Ukipimiwa kwa kidebe au chupa iliyokatwa, huna kipimo.

Kwa mkazi wa Singida, au mwenye ndugu huko, ipo njia ya tatu: nunua mbegu ukakamulishe. Chukulia gunia la kilo 65 kwa bei ya mfano ya 900 kwa kilo, jumla 58,500. Mashine ikitoa mafuta asilimia 27 ya uzito, unapata kilo 17.5, sawa na lita 19. Mbegu chotara kama Hysun 33 huwa na mafuta mengi kuliko ile ya zamani, Record, ambayo wakulima wengi bado wanaipanda kwa kuwa wanaweza kutunza mbegu yake, kwa hiyo gunia la bei ndogo lenye ganda nene linaweza kuwa ghali kuliko jirani yake. Baada ya hapo ndipo yanapokuja mapatano yenye pesa: mashudu ni ya nani? Mashine nyingine hutoza ada na kukurudishia mashudu, nyingine hukamua "bure" na kubaki nayo. Ada ikiwa 5,000 na mashudu kilo 45 yakauzwa kwa 300 kwa kilo, yaani 13,500, mwenye kulipa ada ametumia 50,000 kwa lita zake 19, na aliyekamuliwa bure ametumia 58,500. Mfugaji wa kuku wa kienyeji au ng'ombe wa maziwa hahitaji kufikiri mara mbili.

Njia hiyo inategemea bei ya mbegu, na bei hiyo imeyumba vibaya miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Serikali iliiweka Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine viliziba njia ya alizeti ya nchi mbili, Ukraine na Urusi, zinazotoa zaidi ya nusu ya mafuta hayo duniani, na bei ikapaa hadi jikoni kwetu. Mafuta ya nje yakafunguliwa mlango kwa ushuru mdogo, mlaji akapumua, kisha mkulima wa kanda ya kati akavuna na kukuta bei imeanguka. Msimu kama huo wa bei kuanguka ni mzuri kwa anayekamulisha na mchungu kwa aliyelima, na wakati mwingine ni mtu yuleyule.

Singida huvuna kuanzia Mei hadi Julai, na mara tu baada ya hapo mafuta ya kuchujwa huwa mapya na nafuu kuliko wakati mwingine. Ukinunua wakati huo, chagua dumu lililokaa kivulini. Chupa angavu iliyopigwa jua tangu asubuhi imeshaanza kuchacha, kwa kuwa alizeti ni mafuta yanayoharibiwa upesi na mwanga na hewa. Leta dumu lako mwenyewe, safi na kavu kabisa, kuliko kukubali la kuazima ambalo hujui lilibeba nini. Likifika nyumbani liache siku mbili tatu bila kutikisa, mimina yaliyo juu kwenye vyombo vidogo vilivyojaa hadi shingoni, na mashapo ya chini usiyarudishe. Nunua ya miezi minne au mitano, usinunue ya mwaka, hata kama bei inakuvuta: ya kusafishwa yenye kizibo cha kiwandani yanaweza kusubiri hadi tarehe ya lebo, ya kuchujwa hayana tarehe isipokuwa pua yako.